Chumba Chenye Baridi

Shariffa alibonyeza rimoti mara ya saba, na AC ya chumbani kwa baba yake haikutoa hata mlio. Akapanda juu ya kigoda, akaisogeza rimoti karibu kabisa na lile dude jeupe lililokaa ukutani juu ya dirisha, akabonyeza tena mpaka ukucha ukamwuma. Kimya. Chini yake, juu ya kitanda cha mninga kilichogeuzwa kuelekea Kibla, Mzee Thuwaini alikuwa amelazwa, amefunikwa shuka jeupe gubigubi. Alifariki alfajiri. Sasa ilikuwa saa nne kasoro, mwezi wa pili, na jua la Tanga la mwezi wa pili halimwonei huruma mtu, aliye hai wala aliyekufa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Saa mbili asubuhi Ami Muntasir, mdogo wake marehemu, alikaa barazani na wazee wa msikiti kupanga mazishi. Mtoto wa kiume wa marehemu ni mmoja tu, Mazin, naye yuko Maskati, mwaka wa kumi na moja huu hajatia mguu nyumbani hapa Raskazone. Alipopigiwa simu alilia kwa sauti, halafu akasema amepata ndege ya jioni. Atashuka Dar usiku, atakodi gari, na saa moja asubuhi atakuwa mlangoni. "Nakuombeni msimzike kabla sijamwona uso," alisema. Wazee wakatazamana. Maiti hacheleweshwi, hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Mochwari nako hakukutajwa mara mbili, maana marehemu mwenyewe aliusia asipelekwe huko hata iweje.

Ndipo Ami Muntasir akauliza, "Chumba chake si kina AC?"

"Kina, Ami," Shariffa akajibu kutoka nyuma ya mlango. "Mazin ndiye aliyemnunulia."

"Basi iwashwe. Tutamngoja mtoto mpaka kesho saa mbili asubuhi, Mungu atusamehe."

Ikatangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti, mji mzima ukasikia: mazishi kesho, anangojewa mwanawe. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kuijaribu hiyo AC kwanza. Nani atakayejaribu? Kila mtu alijua kwamba chumba cha Mzee Thuwaini kina baridi. Mwenyewe alikuwa akifunga mlango wake mchana kutwa, na mgeni akimwuliza kulikoni, husema, "Nafungia baridi isitoke."

"Labda haijatuzoea," alisema Bi Nasma, mke wa Ami Muntasir, aliyekaa mkekani na upepeo wa ukili mkononi. Mama huyo hakosi neno, hata msibani. "Vitu vya Maskati vina maringo."

Shariffa alimtazama mama yake, Bi Rahaf, aliyekaa miguuni pa kitanda na tasbihi yake. "Mama, mara ya mwisho baba aliiwasha lini?"

"Sikumbuki, mwanangu. Iache. Mwache baba yako apumzike."

"Niiache vipi? Mazin je?" Shariffa alishuka kigodani. "Nampigia Abrahamu, fundi wake baba. Yeye anaijua."

Tasbihi ikasimama. "Usimwite huyo," Bi Rahaf alisema.

"Kwa nini?"

"Usimwite tu."

Lakini Shariffa alikwisha kuipata namba. Hakuwa mtu wa kukaa na tatizo mkononi. Anaishi Muheza na mumewe Sabiri, huja Raskazone kila Ijumaa, na kila akija hukuta taa imeungua au bomba linavuja, hufunga kanga kiunoni akatengeneza. Simu ilipopokelewa alisema maneno machache tu: baba amefariki, AC imegoma, kaka anatoka Maskati.

"Nakuja, dada," fundi alisema.

*

Abrahamu alifika saa tano na nusu kwa pikipiki kutoka Pongwe, amevaa shati jeupe ambalo si la kazi. Ni Mshambaa wa makamo, mzee wa usharika kanisani kwake, mtu wa maneno machache. Alivua viatu mbali kabisa na baraza, akavua na kofia. "Shikamooni. Poleni sana kwa msiba, wazee wangu." Waliokaa mikekani waliitikia. Mmoja wao alinong'ona kwamba haipendezi asiyekuwa Muislamu kuingia alipo maiti. Ami Muntasir akamkata kauli: "Fundi ni fundi. Mpisheni."

Bi Rahaf alikuwa ameanza kukaa eda, na mwanamke wa eda haonwi na mwanamume wa kando. Basi kabla fundi hajaingia, mama alihamia chumba cha pili, pazia likateremshwa katikati. Bi Nasma naye akasogea huko na upepeo wake. Chumbani wakabaki Shariffa, fundi na marehemu. Abrahamu alisimama mlangoni, akainamisha kichwa, midomo ikimchezacheza. Halafu akaufungua mkoba wake.

Alianza na rimoti. Aliomba betri nyingine, Shariffa akazitoa kwenye saa ya ukutani. Alifuta vyuma kwa pindo la shati, akafunga, akabonyeza. Hakuna. Akaenda kwenye swichi iliyo karibu na mlango, akaifungua kwa bisibisi, akachomeka testa ya kupimia umeme. Hakuna. Akatoka ukumbini kwenye breka za umeme, akashusha moja, akapandisha, akashusha nyingine. Feni ya barazani ikazimika, wazee wakaguna, akairudisha upesi huku akiomba radhi. Akarudi chumbani, akapanda kigodani, akafungua mfuniko wa AC, akachomoa vichujio viwili vilivyojaa vumbi, akaomba maji ya sabuni avisafishe.

"Uchafu ndio unaozuia isiwake?" Shariffa aliuliza alipoleta ndoo.

"Wakati mwingine huchangia."

Alivisugua taratibu, kimoja baada ya kingine, akavianika dirishani. Saa sita ikapita. Chumbani hewa ilikuwa nzito, moshi wa udi umeganda kwenye dari, na jasho lilimtiririka Shariffa mgongoni. Alikuwa akimtazama fundi kwa muda sasa. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi, lakini macho yalikwenda kila mara kwenye pazia. Kazi ya haraka hufanywa na mtu mwenye haraka, na huyu hakuwa na haraka hata chembe. Alionekana kama mtu anayeomba gari lichelewe kuondoka.

"Fundi," Shariffa alisema, "mbona hujaenda kuiangalia mashine ya nje?"

"Ya nje haina shida, dada."

"Umejuaje na hujatoka kuitazama?"

Kutoka upande wa pili wa pazia sauti ya Bi Rahaf ilisikika, nyembamba, kama aliyeishiwa nguvu: "Shariffa, njoo kwangu."

Shariffa hakwenda kwake. Aliichukua bisibisi kutoka mkobani, akapita ukumbini na jikoni, akatokea nyuma ya nyumba. Fundi alimfuata pekupeku.

Mashine ya nje ilikuwa pale pale, juu ya vyuma vyake ukutani, imeliwa na chumvi ya bahari pembeni. Ndani ya wavu wake feni ilionekana vizuri, mapanga matatu meusi. Shariffa alifungua skrubu, na skrubu zenyewe zilikuwa mbili tu mahali pa nne, zikatoka kirahisi kwa vidole. Mfuniko ukamwangukia mikononi. Nyuma ya feni hapakuwa na kitu. Kompresa, moyo wa mashine, haikuwepo. Mabomba ya shaba hayakuwepo. Feni iliachwa kwa kuwa ndiyo inayoonekana na wapita njia. Chini kulikuwa na mawe mawili yaliyofungwa kwenye kipande cha gunia, yamewekwa kwa uangalifu ili kasha lisigongegonge upepo ukivuma.

Shariffa aliyatazama yale mawe. Fundo la gunia lilikuwa fundo la baba yake, la kuzungusha mara mbili na kurudisha ncha ndani. Akakaa chini kwenye saruji ya moto.

"Nilitoa mimi," Abrahamu alisema nyuma yake. "Mwaka juzi. Mzee aliniita, akaniambia nimtafutie mteja wa vya ndani, waya wa chumbani niukate, kasha nilirudishe. Akanishika mkono huu. Nilimwambia mimi ni Mkristo, siapi kwa msahafu, akasema apia unachokiamini. Niliapa sitamwambia mtoto wake hata mmoja."

"Na leo? Mtu amekufa, Abrahamu! Umekaa saa nzima unasugua vichujio, unajua kuwa huku kuna mawe!"

"Nilijua." Fundi alikuwa analia, na hakujificha. "Nilifikiri nikijaribu hiki na kile, mtakata tamaa wenyewe, mtasema AC imekufa, yaishe. Siri ya mzee ibaki na mzee. Ningesemaje, dada, yeye yumo chumbani amelala? Ningemvua nguo mbele ya watu?"

Shariffa alitaka kumtukana, tusi likakataa kutoka. Alilelewa katika nyumba ambayo sitara ni jambo la kwanza. Sahani ikivunjika inafukiwa, mgeni asiione. Dada akiachwa, inasemwa amekuja kusalimia. Na mtu akifa, aibu zake hufunikwa pamoja naye. Huyu fundi wa Pongwe alikuwa amefanya vile vile ambavyo mtu yeyote wa nyumba hii angefanya.

"Aliiuza kwa nini?" aliuliza.

"Hakuniambia. Muulize Bi Mkubwa."

*

Bi Rahaf alimwomba Bi Nasma awapishe. Bi Nasma aliondoka kwa shingo upande, akasimama hatua mbili tu kutoka mlangoni, wakamngoja mpaka akatoka kweli.

"Kaa," mama alisema. Shariffa akakaa. "Unakumbuka ulipofanyiwa upasuaji?"

"Mama, hilo limeingiaje hapa?"

"Nakuuliza, unakumbuka?"

Alikumbuka. Mtu atasahau vipi siku aliyotolewa kizazi? Ilikuwa mwaka juzi, Sabiri amemposa, harusi imebaki miezi mitatu. Damu zilikuwa hazikatiki. Sabiri aliambiwa kila kitu, akasema yeye anaoa mtu, haoi kizazi. Lakini ndugu hawakuambiwa. Shariffa alilala kwenye mkeka wa chumba hiki hiki, akawashika wazazi wake miguu. Mazin asijue, aliwaambia. Akijua Mazin atajua mkewe, na akijua mkewe itajua Maskati nzima na Tanga nzima, nitaingia kwenye nyumba ya watu na jina la mgumba kabla sijavua viatu.

"Baba alisema ameuza shamba la Ushongo kulipia hospitali," Shariffa alisema polepole.

"Shamba la Ushongo liliuzwa zamani, wewe uko shule. Tulichanganya hiki na kile. Cheni zangu, saa yake. Ikapungua. Nikamwambia, mpigie Mazin, atatuma. Akaniambia, nitamwambia Mazin nataka za nini? Nimdanganye? Na nikimwambia kweli, nimemvunjia Shariffa ahadi. Akaona bora auze hiyo AC."

"Kwa hiyo miaka miwili..."

"Miaka miwili alilala dirisha wazi, taulo limelowekwa maji kifuani. Mchana akifunga mlango si kwa ajili ya baridi. Anafunga watu wasione anavyovuja jasho." Bi Rahaf alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mazin akipiga ile simu ya picha, baba yako ananiambia, Rahaf, nipe koti. Analivaa, anajikunyata. Anamwambia mtoto, hii AC yako itaniua kwa baridi. Mazin anacheka. Simu ikikatika analivua koti limelowa."

Shariffa aliweka paji la uso kwenye goti la mama yake. Kilio kilichomtoka hakikuwa cha kufiwa. Cha kufiwa alikwisha kukilia alfajiri.

"Nisingetaka ujue," mama alisema. "Ndiyo maana nilikukataza kumwita."

*

Adhuhuri ilikwisha kuswaliwa Shariffa alipokwenda kusimama kwenye mlango wa baraza. Wazee walikuwa wanakunywa kahawa.

"Ami, AC haitawaka. Imekufa."

Ami Muntasir aliweka kikombe chini. "Asubuhi nilikuuliza mbele ya watu hawa hawa. Ukasema ipo."

"Nilisema ipo, Ami."

"Mji mzima umeshatangaziwa kesho!"

Mtu fulani kwenye kona alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba siku hizi majumba makubwa yana mapambo tu. Mwingine akakohoa kuficha kicheko. Shariffa alisikia yote. Neno moja tu lingetosha kuwanyamazisha, akalimeza.

"Barafu, Ami. Naweza kutuma bajaji sasa hivi kwenye soko la samaki, walete magogo ya barafu, tuyazungushe kitandani..."

"Kaka yangu si samaki, si changu wala jodari!" Ami Muntasir alifoka, kisha sauti ikamshuka. Alisimama, akamsogelea, akasema naye peke yake. "Nimeingia chumbani sasa hivi, Shariffa. Nimemshika. Hawezi kungoja mpaka kesho. Na mimi ningependa Mazin amwone, Wallahi ningependa. Tutamwosha sasa, tutamswalia Alasiri, tutamzika."

"Na Mazin?"

"Nitampigia mimi. Nitamwambia umeme umekatika. Watu wote wataulaumu umeme, na umeme hauna ndugu wa kuutetea."

Ilikuwa njia nzuri, na kusema kweli, wengi wetu tungeipita. Shariffa aliiona ilivyo nyepesi. Mazin angeukasirikia mgao wa umeme, angelia, yangekwisha. Baba angebaki na heshima yake, naye Shariffa angebaki na ya kwake.

"Hapana, Ami," alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

*

Kipaza sauti cha msikiti kilitangaza upya: mazishi ni leo, baada ya Alasiri. Jikoni wanawake walisikia, wakatazamana juu ya sufuria. Bi Nasma akauliza kwa sauti, huyo Mazin tiketi yake atarudishiwa na nani. Shariffa alingoja mpaka baba yake alipooshwa na kuvishwa sanda, hapo akaingia stoo, akarudishia mlango, akapiga simu.

Mazin alikuwa uwanja wa ndege wa Maskati. Nyuma yake spika zilikuwa zinaita abiria wa safari nyingine. "Nimekaa mlangoni kabisa," alisema. "Bado saa mbili tuingie. Baba vipi? Chumba kimepoa?"

"Kaka, tunamzika leo. Alasiri hii."

"Mliniahidi," Mazin alisema. "Ami aliniahidi."

"AC haifanyi kazi."

"Haifanyi kazi vipi? Juzi tu nimeongea naye anatetemeka!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na Shariffa aliwaza watu wa pale wanavyomgeukia. "Kitu kimoja nimemfanyia mzee yule tangu niondoke, kimoja! Mngeniambia imeharibika ningetuma. Mko watu wangapi hapo mnashindwa kuangalia AC moja?"

"Nikuoneshe uso wake kwa simu? Hawajamfunga sanda usoni bado."

"Miaka kumi na moja nimemwona kwenye simu. Sitaki simu!"

Shariffa aliegemea magunia ya mchele. Kichwani maneno ya Ami Muntasir yalikuwa bado yapo tayari: umeme, kaka, umeme. Alivuta pumzi.

"Haikuharibika. Baba aliiuza. Aliuza vya ndani, akabakisha kasha ili wewe usijue. Aliiuza kwa ajili yangu, Mazin. Nilitolewa kizazi mwaka juzi kabla ya harusi. Ni mimi niliyemwomba usiambiwe, usije ukaona aibu yangu. Hakuweza kukuomba bila kukwambia, na hakutaka kunivunjia ahadi. Kwa hiyo kama unataka wa kumlaumu, usimlaumu Ami, wala mama, wala fundi. Uso wa baba nimekunyima mimi."

Alisema kwa mfululizo, akijua akipumua atashindwa. Alipomaliza aliisikia spika ya uwanja wa ndege ikiita watu kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, kisha tena kwa Kiarabu. Alingoja matusi. Alikuwa tayari kuyapokea yote.

"Mwaka juzi mwezi gani?" Mazin aliuliza.

"Wa sita."

"Mwezi wa sita alivaa koti." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nikamtania. Nikamwambia, baba, punguza, utaganda."

"Najua. Mama kaniambia leo."

Kisha Mazin akasema, "Na wewe ulipona?"

Shariffa hakulitegemea swali hilo. Daktari alimwuliza, Sabiri alimwuliza, baba alikuwa akimwuliza kila Ijumaa kwa macho tu. Kaka yake wa Maskati hakumwuliza, kwa kuwa Shariffa mwenyewe ndiye aliyemfungia mlango.

"Nilipona, kaka."

"Alhamdulillahi," Mazin alisema, akaanza kulia.

Nje ukumbini miguu ya watu wengi ilisogea kwa pamoja. Sauti ya Ami Muntasir ikapanda, La ilaha illa Llah, na sauti nyingine zikaipokea. Chumba cha pili mama yake alipiga ukelele mmoja, akanyamazishwa.

"Wanamtoa?" Mazin aliuliza.

"Wanamtoa."

"Usikate simu. Nakuja hivyo hivyo, nitakuja kuliona kaburi. Lakini usikate."

Shariffa alitoka stoo mbio, akapita katikati ya wanawake, akafika kwenye dirisha la mbele. Wanawake hawaendi makaburini, mwisho wao ni hapo dirishani. Alipenyeza mkono kati ya nondo mpaka kwapani, akaielekeza simu kwenye jeneza lililokuwa linapita mabegani mwa watu, Abrahamu akiwa nyuma kabisa na kofia yake mkononi. Bi Nasma alimwuliza anafanya nini, naye hakugeuka. Aliushikilia mkono hivyo hivyo, mpaka jeneza likakata kona ya barabara, mpaka sauti zikawa ndogo, mpaka hazikusikika tena. Aliporudisha simu sikioni, Mazin alikuwa bado anaitikia, La ilaha illa Llah.